Ile "miaka 80,000" ya nyotamkia Tsuchinshan-ATLAS: nani aliihesabu, na kwa nini bado inanakiliwa?

Nyotamkia256 (Mbarara)

Wakuu, habari za jioni. Naleta malalamiko yangu hapa kwa sababu kwingine nimeshaambiwa najifanya mjuaji.

Mnakumbuka Oktoba 2024, ile nyota yenye mkia iliyoonekana magharibi Jua likishazama, kulia kwa Zuhura? Redio, magazeti, hata NASA wenyewe walisema mara ya mwisho kupita huku ilikuwa miaka 80,000 iliyopita, kwa hiyo atakayeikosa angoje miaka mingine 80,000. Juzi nimeikuta namba hiyo hiyo kwenye karatasi ya maswali ya shule. Mtoto anaulizwa itarudi baada ya miaka mingapi, na asipoandika 80,000 anakosa alama.

Mimi napinga. Nimechukua elementi za obiti, yaani namba zinazoeleza njia yake, zilizochapishwa na JPL, maabara ya NASA kule California. Periheli, yaani pale ilipolikaribia Jua kabisa, ni vizio astronomia 0.391 (kizio kimoja ni umbali wa Dunia kutoka kwenye Jua), tarehe 27 Septemba 2024. Mwinamo digrii 139.1, maana yake inakwenda kinyume na sayari. Na ile namba e, ekisentrisiti, ni 1.0001 hivi. Aliyesoma hesabu za obiti anajua: e ikiwa chini ya 1 ni duaradufu na kitu kinarudi, ikiwa 1 kamili ni parabola, ikizidi 1 ni haipabola na kitu kinaondoka moja kwa moja. Sasa inakuwaje taasisi moja ichapishe obiti isiyorudi, halafu itangaze miaka ya kurudi? Zote mbili haziwezi kuwa kweli.

La pili: kwa elementi hizo hizo nilihesabu ilikuwa wapi jioni ya tarehe 14, nikalinganisha na picha yangu mwenyewe. Hazikubaliani. Tofauti ni kubwa kuliko upana wa Mwezi mzima.

Naomba majibu ya wanaopiga hesabu. Ya "NASA hawakosei" ninayo ya kutosha.

Bweyale_Boy

Kaka umewapata. Hata ile nyotamkia nyingine, 3I/ATLAS ya mwaka 2025, walikuwa wanabadilisha namba kila wiki. Leo hivi, kesho vile. Mtu mkweli habadilishi maneno.

Mwl_Arua

Nyotamkia256, pole pole. Mimi ni mwalimu wa fizikia na namba hiyo niliiandika ubaoni mwenyewe. Sikuitoa kichwani, niliitoa kwenye chanzo ambacho dunia nzima inakitegemea. Wale wana kompyuta, wana darubini, wana watu waliosomea kazi hiyo. Wewe una simu na programu ya bure. Kabla ya kusema waliochapisha wamekosea, je, hujakosea wewe?

Nyotamkia256

Mwalimu, huo si ubishi wa hesabu, huo ni ubishi wa vyeo. Nionyeshe mstari niliokosea.

DerevaWaMalaba

Mimi niliiona nikiwa kwenye foleni ya malori, mpakani. Niliipiga picha kwa simu, mkia wote umetoka. Endeleeni, nipo nasoma. Foleni bado ndefu.

Mpima_Mstaafu (Entebbe)

Nyotamkia256, mwanangu, umeleta kesi mbili umezifunga kamba moja. Tuzifungue, tuanze na ndogo.

Picha yako kwanza. Majedwali yote hayo yako kwenye saa ya dunia, na sisi huku tumeitangulia kwa saa tatu. Siku zile nyotamkia ilikuwa karibu nasi, vizio 0.47 tarehe 12 Oktoba, tena inakuja kinyume na mwendo wa Dunia, kwa hiyo angani ilikuwa inahama zaidi ya digrii 4 kwa siku. Ukikosea saa tatu peke yake, umekosea nusu digrii na kitu. Huo ndio Mwezi wako mzima. Kama saa umeiweka sawa, tazama ikweta. Elementi zimeandikwa kwa ikweta ya mwaka 2000, wakati programu nyingi za simu huchora anga kwa ikweta ya leo. Mhimili wa Dunia unayumba polepole, kiasi cha sekunde 50 za tao kwa mwaka (sekunde 3,600 za tao ni digrii moja). Tangu 2000 hadi ile Oktoba ni theluthi ya digrii na zaidi kidogo. Halafu kuna nuru: kwa umbali ule ilitumia karibu dakika nne kufika kwetu, kwa hiyo uliiona ilipokuwa, si ilipo. Na hesabu za vitabuni hukuweka katikati ya Dunia wakati wewe umesimama Mbarara, ila hiyo haifiki sekunde 20 za tao, simu yako haiwezi kuiona. Iache.

Ukimaliza hayo ndipo uje unishtakie JPL kwa picha. Sasa hivi kesi hiyo haina shahidi.

Kesi kubwa ni ile ya miaka, na hapo nakuunga mkono kwa nusu. Nusu tu. Chukua kalamu.

Kitu kinachopita vizio 0.391 kutoka kwenye Jua kwa njia ya parabola kinakwenda kilomita 67.3 kwa sekunde pale periheli. Sasa tukitaka kirudi baada ya miaka 80,000, kanuni ya tatu ya Kepler inatupa nusu ya mhimili mkuu, yaani nusu ya urefu wa duaradufu yake: 80,000 mara 80,000, halafu kipeo cha tatu chake, unapata vizio 1,860 hivi. Ingiza kwenye mlingano wa nishati uone kasi ya periheli inapaswa kupungua kiasi gani. Mimi nimepata mita tatu na nusu kwa sekunde. Mita. Ukitaka e ya 1.0001, unaongeza mita moja na nusu na ushee juu ya parabola. Kwa hiyo kati ya "itarudi baada ya miaka 80,000" na "haitarudi kamwe" pana mita tano kwa sekunde, ndani ya mita 67,300.

Hebu fikirini jambo hilo kabla hamjaendelea kutukanana. Mtu akihesabu kasi ya kitu hiki na kukosea sehemu moja katika elfu kumi na tatu, anatoka kwenye jibu moja anaingia jingine. Mahali kitakapokuwa angani wiki ijayo, hata hutagundua. Muda wa kurudi unabadilika kabisa.

DerevaWaMalaba

Mzee mita tano kwa sekunde ni kilomita 18 kwa saa. Hiyo ni mimi nikipanda mlima na kontena.

Nyotamkia256

Mzee wangu asante, hiyo hesabu ya mita tano sikuwahi kuiona popote. Ya ikweta nimeirekebisha kwenye programu, tofauti imeshuka. Haijaisha, lakini imeshuka, hiyo tuiweke kando.

Lakini bado hujanijibu. 80,000 ilitoka wapi?

Mpima_Mstaafu (Entebbe)

Ilitoka kwenye hesabu za mwanzo. Kituo cha Zijinshan cha China kiliipiga picha 9 Januari 2023, kisha darubini ya ATLAS ya Afrika Kusini ikaiona 22 Februari. Wakati ule ilikuwa mbali, zaidi ya vizio 7 kutoka kwenye Jua, kule kati ya Mshtarii na Zohali. Kutoka umbali ule kinachoonekana ni kidoti kinachojikokota. Watu wakakusanya vipimo vya wiki chache, wakapitisha obiti, na obiti ile ya mwanzo ikatoa duaradufu ya miaka 80,000 na kitu. Waandishi wakaichukua. Obiti ikaendelea kurekebishwa kila vipimo vipya vilipoingia. Habari ya gazeti hairekebishwi.

Mimi nimepima ardhi tangu ujana. Ukinionyesha mawe mawili ya mpaka yaliyoachana hatua chache, ukaniambia niendeleze mstari huo hadi ng'ambo ya Ziwa Viktoria, mstari nitakuchorea, kwa nini nisikuchoree? Lakini unene wa jiwe peke yake utaamua kama tunatokea Mwanza au Bukoba. Obiti ya tao fupi, yaani iliyopimwa kwenye kipande kifupi tu cha njia, ndiyo hiyo. Aliyeihesabu hakukosea hesabu. Alikuwa na mawe mawili.

Mwl_Arua

Mzee, shikamoo. Nimekuelewa kuhusu tao fupi. Ila kama ni hivyo, basi ya Nyotamkia256 ndiyo sahihi: e ni 1.0001, haitarudi. Nifute 80,000 niandike "haitarudi kamwe". Au?

Mpima_Mstaafu (Entebbe)

Marahaba mwalimu. Hapana, usiandike hivyo pia. Ndiyo maana nilisema namuunga mkono kwa nusu.

Elementi zinazochapishwa zina tarehe yake. Zinasema hivi: laiti saa hii sayari zote zingetoweka, likabaki Jua na nyotamkia peke yao, njia ingekuwa hii. Kesho yake sayari zimevuta, elementi zimebadilika. Kwa kutabiri mahali pa kuitafuta angani hakuna shida, kwa sababu kompyuta inafuata mvuto wa sayari zote hatua kwa hatua. Shida inakuja mtu anapochukua e ya siku moja, tena siku ambayo nyotamkia iko ndani kabisa karibu na Jua, akaisoma kama hukumu ya milele.

Tena Jua lenyewe halijatulia. Mshtarii peke yake inalivuta huku na huku kwa zaidi ya mita 12 kwa sekunde. Linganisha na mita tano tunazogombania! Kitu kikiwa mbali kabisa hakilizunguki Jua peke yake, kinazunguka kitovu cha uzito cha mfumo mzima, Jua pamoja na sayari zake. Kwa hiyo anayetaka kujua kilikotoka anarudisha hesabu nyuma hadi kabla hakijaingia kwenye eneo la sayari, anapima nishati yake kwa kitovu hicho. Anayetaka kujua kama kitarudi anasogeza mbele hadi kimetoka nje ya sayari, anapima tena. Hayo ni majibu mawili tofauti, na wala hayalazimiki kufanana. Ndiyo maana ile sentensi ya "ilipita miaka 80,000 iliyopita na itarudi baada ya 80,000 mingine" ilinitia shaka siku ya kwanza, hata kabla sijagusa kalamu. Kitu kilichokatiza katikati ya sayari hakitoki na muda ule ule kilioingia nao, isipokuwa kwa bahati.

Wengi waliorudisha hesabu zake nyuma wanaiona kama mgeni kutoka Wingu la Oort, lile ghala la nyotamkia lililo mbali kabisa nje ya sayari. Maana yake, ukipima ilivyoingia, unazungumza juu ya safari ndefu kuliko hiyo 80,000 kwa mbali.

Nyotamkia256

Kwa hiyo waliochapisha wanajua haya yote na bado wanaweka e moja tu kwenye ukurasa wa kwanza, bila maelezo. Hapo ndipo ninapowashika. Mtu wa kawaida atajuaje?

Bi_Takwimu (Kampala)

Habari zenu nyote. Nyotamkia256, hapo sikubaliani nawe. Kwenye ukurasa ule ule, pembeni ya kila elementi, pana kiasi cha shaka. Juu kuna tarehe rejea, ile siku ambayo elementi ni zake. Chini kuna tarehe ya kipimo cha kwanza na cha mwisho, na idadi ya vipimo vilivyotumika. Hayajafichwa, yanarukwa tu. Na hapa narushia jiwe waandishi wa habari kabla ya wanaastronomia: ukichukua muda wa kuzunguka ukaacha shaka yake, umechukua nusu ya namba.

Jambo jingine. Hakuna "obiti iliyochapishwa" moja. Kuna JPL, kuna Minor Planet Center, kituo kinachokusanya vipimo vya dunia nzima, kule Massachusetts, kuna Syuichi Nakano wa Japani ambaye amekuwa akichapisha zake miaka na miaka. Kila mmoja anachagua vipimo vipi aviamini, vipi avipe uzito mdogo, na tarehe gani rejea. Ukiona namba zao zinatofautiana kwenye tarakimu ya tano, usikimbilie kusema mmoja ni mwongo. Tazama kwanza kama tarehe rejea ni moja.

Na huu ugomvi wenu ni mkongwe. Nyotamkia ya Halley ilipotarajiwa kurudi, Alexis Clairaut, Joseph Lalande na Nicole-Reine Lepaute walikaa miezi kwa miezi wakihesabu kwa mkono mvuto wa Mshtarii na Zohali. Wakatangaza Novemba 1758: periheli ni katikati ya Aprili 1759, tupeni mwezi mmoja wa shaka. Ikafika 13 Machi 1759. Paris nzima ikashangilia isipokuwa mwanahisabati d'Alembert. Yeye alisema msipime kosa la mwezi mmoja kwa miaka 76, mkaliona dogo. Lipimeni kwa ile tofauti kati ya mzunguko mmoja na mwingine, maana ndiyo mliyodai kuihesabu. Kwa kipimo hicho kosa si dogo hata kidogo. Clairaut akakasirika, wakajibizana hadharani. Kwangu mimi d'Alembert alikuwa na chuki binafsi, lakini swali lake lilikuwa halali, na ndilo swali la uzi huu: kosa linapimwa kwa kipimo gani?

Na kumbuka Uranus haikuwa imegunduliwa (1781), Neptune ndiyo kabisa (1846). Walihesabu wakiwa na sayari pungufu.

Mwl_Arua

Dada, hiyo ya Lepaute sikuwahi kuifundisha. Nitaiingiza.

Bweyale_Boy

Hadithi nzuri, lakini siku hizi sayari zote zinajulikana na kompyuta zipo. Kisingizio kimebaki kipi?

Bi_Takwimu (Kampala)

Nyotamkia yenyewe, ndugu yangu. Si jiwe kavu. Ni barafu iliyochanganyika na vumbi, na ikipata joto inatoa mvuke upande mmoja, mvuke unaisukuma upande wa pili. Mwaka 1910 Cowell na Crommelin waliihesabu Halley upya wakiwa na sayari zote, wakasema 17 Aprili. Ikaja 20 Aprili. Siku tatu zilizobaki hakuna sayari iliyoweza kuzilipa.

Kabla ya hapo, karne ya 19, Johann Encke aliona nyotamkia inayoitwa kwa jina lake, inayozunguka kwa miaka 3.3, inawahi kila mara kwa saa mbili na nusu hivi. Akadhani angani kuna kitu chepesi kinachoikwaza. Wazo hilo lilidumu sana. Fred Whipple ndiye aliyekuja mwaka 1950 na hoja ya barafu chafu na msukumo wa mvuke: ikitoa mvuke kwa upande huu inawahi, kwa upande ule inachelewa. Halley yenyewe huchelewa kama siku nne kila mzunguko. Mwaka 1973 Marsden, Sekanina na Yeomans wakatengeneza kanuni ya kuuingiza msukumo huo kwenye hesabu, na zile A1, A2 na A3 mnazoziona kwenye baadhi ya obiti ndizo hizo. Kwa nyotamkia inayopita mara moja tu, A1 na A2 ni ngumu kuzikamata vizuri, na msukumo wa namna hiyo ndio unaoweza kula hizo mita tano za Mzee.

Na kama mnataka wataalamu wenyewe wakikosoana: Julai 2024 Zdenek Sekanina, yule yule wa 1973, alichapisha kwamba Tsuchinshan-ATLAS inasambaratika, haitafika periheli ikiwa nzima. Wengine wakasema ushahidi hautoshi. Ikafika, ikapita, sote tukaiona. Hakuna aliyemficha Sekanina, karatasi yake ipo hadi leo. Hiyo ndiyo tofauti na unayowadhania.

DerevaWaMalaba

Samahani kuwakatiza. Mimi swali langu ni moja. Hao wakikosea hizo siku mbili tatu, si siku moja kitu kitatupiga?

Mpima_Mstaafu (Entebbe)

Swali zuri kuliko yote, dereva. Lilishatokea kwenye karatasi.

Swift-Tuttle, ile inayotuachia vimondo vya Perseidi kila Agosti, ilionekana 1862, ikakadiriwa kurudi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Haikuja. Brian Marsden alikuwa amesema mapema, mwaka 1973, kwamba huenda ni ile ile iliyoonwa Beijing mwaka 1737 na padri Kegler, na kama ndivyo, itarudi mwishoni mwa 1992. Watu hawakulitilia maanani sana. Septemba 1992 Mjapani Tsuruhiko Kiuchi akaiona, lakini ikawa imepotoka na utabiri kwa siku 17.

Marsden akakaa chini. Mzunguko unaofuata periheli ni Julai 2126. Kama na safari hiyo itakosea siku 15 tu, basi 14 Agosti 2126 Dunia na kitu hiki vitakuwa mahali pamoja. Na si kitu kidogo, kiini chake ni kilomita 26 hivi. Akachapisha onyo Oktoba 1992, magazeti yakapiga kelele. Kilichomaliza kesi si mabishano. Walichimba kumbukumbu za kale za Wachina, wakaipata mwaka 188 na hata 69 KK. Tao likawa la miaka elfu mbili. Kwa tao hilo, ule uwezekano wa siku 15 ukafutika, na Marsden mwenyewe akaondoa onyo. Mwaka 2126 itapita mbali na sisi, kilomita milioni ishirini na zaidi.

DerevaWaMalaba

Sawa mzee. Wajukuu wa wajukuu walale.

Bweyale_Boy

Na 3I? Hamjanijibu. Ile ilibadilika kila wiki.

Mpima_Mstaafu (Entebbe)

Ilibadilika tarakimu za nyuma, mwanangu. Iligunduliwa 1 Julai 2025 kutoka Chile, na ndani ya siku chache kila mtu alikuwa na e ya karibu 6. Haikuwahi kushuka ikawa 0.99, wala haikuwahi kukaribia. Ilikuja kutoka nje ya mfumo wa Jua ikiwa na kilomita 58 kwa sekunde za ziada, yaani hata Jua lisingeivuta ilikuwa na hizo mkononi. Mita tano zina neno gani hapo? Ndiyo maana kwa 3I hakuna aliyebishana kama itarudi, na kwa Tsuchinshan-ATLAS tunabishana hadi leo. Kipimo ni kile kile. Moja iko mbali na mpaka, nyingine imekaa juu ya mpaka wenyewe.

Oktoba 2025 hiyo 3I ilipita karibu na Mirihi, na ESA, shirika la anga la Ulaya, wakatumia chombo chao kinachoizunguka Mirihi kuipima kutoka upande wa pili. Pembe ikapanuka, wakasema usahihi wa njia yake umeongezeka mara kumi. Ndiyo yale mabadiliko yako ya kila wiki. Tarehe 19 Desemba ilipokuwa karibu nasi kuliko siku zote, ilikuwa bado vizio 1.8.

Bweyale_Boy

Mnaongea kama mnalipwa. Mimi nitaamini nikihesabu mwenyewe.

Bi_Takwimu (Kampala)

Basi hesabu, nani kakuzuia? Vipimo vyenyewe, si obiti, vipimo vibichi vya kila kituo, viko wazi Minor Planet Center. Kila mstari mmoja: tarehe, mahali angani, mng'ao, namba ya kituo. Kuna programu ya bure ya Bill Gray inaitwa Find_Orb. Unampa mistari ile, anakupitishia obiti, na pembeni anakuonyesha mabaki: kila kipimo kimeachana na obiti kwa sekunde ngapi za tao. Kituo kibovu kinajitokeza chenyewe.

Nyotamkia256, nawe ungefanya hivi badala ya picha ya simu. Chukua vipimo vya Januari hadi Aprili 2023 pekee, pitisha obiti, andika e na shaka yake. Ongeza hadi mwisho wa 2023. Ongeza hadi Septemba 2024. Hakikisha tarehe rejea ni ile ile mara zote, la sivyo unalinganisha vitu viwili. Halafu ondoa na rudisha msukumo wa mvuke uone e inahama kiasi gani. Ukipata obiti tofauti na ya JPL kwa kiasi kinachozidi shaka zao na zako zikijumlishwa, leta hapa. Hapo ndipo utakuwa umepinga. Sasa hivi umeuliza tu, na kuuliza si vibaya.

Nyotamkia256

Nimeipakua tayari. Vipimo ni vingi, vya 2023 peke yake vimejaza skrini nikashuka mpaka kidole kikachoka. Naanza na hadi mwisho wa Aprili.

Ila gazeti lililoandika 80,000 silisamehi. Wangeandika "kwa hesabu za mwanzo", maneno manne.

Mwl_Arua

Na mimi nina S.4, kidato cha nne, Jumatatu, saa mbili asubuhi. Naandika nini ubaoni?

Mpima_Mstaafu (Entebbe)

Andika e yenyewe na tarehe yake, mwalimu, na uwape ile hesabu ya mita tano waifanye wenyewe kwa kikokotoo. S.4 wanaiweza, ni Kepler na kipeo. Wakitaka ya uhakika wape Halley: imeandikwa tangu 240 KK, mapito mengi, na msukumo wake wa mvuke unajulikana. Periheli 28 Julai 2061.

Mwl_Arua

Watakuwa na miaka hamsini na kitu. Sawa, nawapa zote mbili.

Bi_Takwimu (Kampala)

Waambie pia 28 Julai ni siku ya kulikaribia Jua, siyo siku ya kuangalia. Nisije nikaona imeandikwa kwenye karatasi ya maswali.

Bweyale_Boy

Hiyo Find_Orb ina megabaiti ngapi? Bando langu limebaki kidogo.

DerevaWaMalaba

Mngoje kwanza, foleni imesogea.